Manyoya ya Tui

Jina la Tui alipewa na mtoto wa ghorofa ya juu, msichana wa miaka 6 wakati ule, siku mbwa huyu alipoteremka kwenye tuktuk mbele ya nyumba yetu hapa Tudor, Mombasa. "Anti, mweupe kama tui!" Wiki mbili baadaye nilirudi naye kutoka kwenye mikoko ya hori, matope yamempanda hadi mgongoni, na mtoto yuleyule akamtazama kwa huruma akasema, "Leo si Tui, ni machicha." Tangu hapo ana majina mawili, na jina la siku hutegemea mikono yangu imefanya nini.

Watu huniuliza kwa nini nisimpeleke kwa wenye kazi ya kuosha na kunyoa mbwa. Nilimpeleka mara moja. Nitafika huko.

Tui ni teria mdogo, kilo 8 tu, na begani hafiki sentimita 30. Jamii yake huitwa West Highland White Terrier, na asili yake ni magharibi ya Uskoti, pande za Argyll, kwenye baridi, mvua na majabali. Husimuliwa kwamba Kanali Edward Donald Malcolm wa Poltalloch alimpiga risasi teria wake wa rangi ya kahawia akimdhania mbweha, na tangu siku hiyo akashikilia kufuga weupe peke yao, waonekane wazi vichakani. Kazi yao ilikuwa kuingia mashimoni kumfuata mnyama hadi alikojificha. Mbwa wa kazi hiyo akawa na vazi la kazi hiyo. Vazi hilo ndilo nililokabidhiwa na familia iliyokuwa ikihama, Tui akiwa na miaka 4, katika mji ambao shati ukilianika jioni mwezi wa Mei, asubuhi unalikuta lingali bichi.

Ukitaka kulielewa vazi lenyewe, fikiria nazi na mto. Juu pana manyoya magumu, makavu, yamenyooka kama nyuzi za makumbi. Chini yake pana manyoya mafupi, mepesi, kama sufi iliyoshindiliwa ndani ya mto. Makumbi huzuia miiba, tope na maji. Sufi huhifadhi joto la mwili. Nilipompata sikuyajua haya. Nilimwona mbwa mweupe mwenye manyoya mengi akihema ulimi nje, na nikadhani dawa ya joto ni kumvua.

Ilikuwa Machi, wakati wa maleleji, kaskazi imekatika na kusi haijaingia, hewa imesimama kama ukuta. Nilimpeleka kwa mtu anyoaye mbwa. Aliponiuliza namba ya mashine, nikajibu namba 10. Nilijibu kama ninavyowasikia vijana kwa kinyozi: namba 1 ni fupi, namba 2 ni ndefu kidogo, basi 10 si itabakiza ya kutosha? Kumbe vichana vya kinyozi na meno ya mashine za wanyama vimehesabiwa kinyume. Kichana namba 1 cha kinyozi hubakiza milimita 3, namba 2 hubakiza 6, na kuendelea kupanda. Meno ya mashine za mbwa, namba ikipanda urefu hushuka. Namba 10 hubakiza milimita moja na nusu hivi, na kazi yake ni tumboni na sehemu za haja, si mgongoni. Tui alirudi kwangu ngozi yake ya waridi ikionekana yote, na mapajani na kwapani ana mabaka mekundu, maana meno yalikuwa yamepata moto na mnyoaji hakuyapumzisha. Siku ya pili nilimtoa saa tatu asubuhi kwenda ufukweni, na jua la Mombasa likamuunguza mgongo.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuja polepole. Manyoya yalipoota, hayakuota makumbi. Yaliota laini kama pamba, rangi ya kijivujivu, yakawa yanakumbatia kila tope na kila mchanga. Na mlio wa mashine yoyote, hata ya kusagia nazi, ulimpeleka chini ya kitanda akitetemeka. Hapo ndipo nilipoamua kwamba mikono itakayomgusa itakuwa yangu, na kwamba kwanza lazima ijifunze.

Kuhusu joto niseme wazi, kwa sababu kosa langu huwaona nalo wengi hapa pwani. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kuhema, na kidogo kwa nyayo. Manyoya safi yaliyochanwa vizuri humkinga na jua kama makuti yanavyoikinga nyumba. Kinachomtesa ni sufi iliyokufa ikabaki imeshikamana ndani, hewa isipite. Itoe hiyo na umwachie makumbi yake.

Namna ya kuitoa ni kunyonyoa. Najua neno hilo linatupeleka moja kwa moja kwa kuku na maji ya moto, na mara ya kwanza nililisoma kwa woga. Lakini nywele ya teria wa aina hii hukua hadi kikomo chake, kisha hufa ikiwa bado imekaa mahali pake, imelegea kwenye shina. Ukiishika karibu na ncha kwa dole gumba na kidole cha shahada, nywele chache tu kwa wakati mmoja, ukavuta kuelekea inakoota, hutoka bila ubishi. Mkono mwingine unaikaza ngozi isivutike. Isipotoka, iache, wakati wake haujafika. Pale ilipotoka huota mpya, ngumu na nyeupe. Ukiikata kwa mashine, ile iliyokufa hubaki na shina lake ndani, na vazi huzidi kuwa laini na kufifia mwaka hadi mwaka.

Vidole vyangu vilikuwa vinateleza kwa sababu ya jasho, basi huvipaka chaki ya shuleni, ile nyeupe. Hunyonyoa dakika 20 kila jioni kwa siku nne tano, sehemu moja moja: leo shingo, kesho mgongo. Tui hulala juu ya meza ya zamani ya jikoni, juu ya mkeka wa mpira asiteleze, na mara nyingi husinzia. Tumboni, mapajani na chini ya masikio sinyonyoi, ngozi ya pale ni nyororo mno. Pale ni mkasi au mashine. Na ilichukua zaidi ya mwaka mzima wa kunyonyoa kabla ya mgongo wake kurudia ugumu ambao namba 10 iliuondoa kwa nusu saa.

Mkasi nilifundishwa na kinyozi mzee wa mtaa wetu, mtu aliyenyoa vichwa vya mababa na watoto wao na wajukuu wao. Yeye hamgusi mbwa, na sikumwomba amguse. Nilikwenda kibandani kwake alasiri moja wateja wakiwa wachache, nikamweleza yaliyompata Tui. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaingiza vidole kwenye mkasi wake akauinua.

"Tazama, binti yangu. Dole gumba ndilo litembealo. Hivi vingine vyatulia. Ukivichezesha vyote, mkasi wauma."

"Na mashine, Ami?"

"Mashine huipimii mteja. Waipimia hapa." Akaonyesha upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake. "Kila dakika mbili tatu. Ukishtuka wewe, atashtuka na yeye."

Je, alinipa kitu cha kufanyia mazoezi? La, alinipa kitu bora zaidi: alinikalisha nimtazame akinyoa vichwa vitatu mfululizo, bila kuniambia neno. Nilichokiona ni kwamba mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi kubwa. Ndio unaoshika kichwa, unaokunja sikio, unaomtuliza mtoto asiyetaka. Mkono wa kulia unafuata tu. Kwa Tui ni vivyo hivyo. Nikipunguza manyoya ya masikio, thuluthi ya juu peke yake, kidole changu cha kushoto kinakaa ukingoni mwa sikio muda wote, ili mkasi ukikosea ukute ukucha wangu kabla haujakuta ngozi yake.

Mashine ya kunyolea nimemzoesha Tui kidogo kidogo. Wiki ya kwanza ilikaa juu ya meza imezimwa, na pembeni yake kipande cha ini la kuchemsha. Wiki ya pili niliiwasha chumba cha pili. Mwezi wa tatu ndipo ilipogusa tumbo lake. Nadhani mbwa anayeogopa anastahili muda huo, hata kama majirani wanaona ni mwingi.

Sasa kuoga, ambako ndiko kuna hadithi ya ua wetu.

Nyumba yetu ina wapangaji wanne, na ua wa saruji ni wetu sote. Kamba za nguo ziko hapo, bomba liko hapo. Mwezi wa kwanza nilimwogesha Tui asubuhi ya Ijumaa bila kufikiri. Alijikung'uta, na matone yakaruka hadi kwenye kamba. Bi mkubwa wa nyumba ya pili alitoka, akaniita kando kwa upole.

"Mwanangu, mimi sina neno na mbwa wako. Ni kiumbe cha Mungu. Lakini zile ni nguo zangu za kuswalia, na leo ni Ijumaa."

Niliona haya hadi nikakosa la kujibu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo majirani zangu huyafuata, mbwa mkavu akikupita nguo ikiwa kavu hapana kitu. Taabu ni umajimaji. Palipoguswa na umajimaji wa mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mara saba, katika mji ambao bomba linaweza kukaa siku kadhaa bila kutoa tone. Nilimwomba radhi, nikanunua mitungi miwili ya maji kwa mtu wa mkokoteni nikampelekea.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu. Tui huoga Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kamba zikiwa tupu, upande wangu karibu na shimo la maji machafu. Bi mkubwa huuliza kutoka dirishani, "Wamwosha leo?" Nikisema ndiyo, hungoja hadi adhuhuri ndipo aanike. Nikimaliza huimwagia saruji maji mengi hadi shimoni. Na nimejifunza jambo ambalo lingeniokoa siku ile: mbwa huanza kujikung'uta kichwani, mtikisiko ndipo ushuke hadi mkiani. Kwa hiyo kichwa huoshwa mwisho kabisa, na ukimshika pua taratibu kwa kiganja, mtikisiko haupati pa kuanzia.

Kabla ya maji, kuchana. Hili ni la lazima. Fundo likilowa hukaza kama kamba ya jahazi, na halifunguki tena ila kwa kukatwa. Huanza na brashi ya nyaya nyembamba, kisha chanuo la chuma, na chanuo lazima lifike ngozini. Nje panaweza kuonekana laini huku ndani mmeshikana bonge. Bonge hujificha kwapani, nyuma ya masikio, mapajani na chini ya ukanda wa shingo. Nikilikuta hulinyunyizia wanga wa mahindi, nalifungua kwa vidole kutoka ncha kuja shinani, mkono mmoja umeshika mzizi asisikie mvuto.

Maji yenyewe huyachagua. Ya kisima chetu ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu na hubakiza ukoko kwenye ngozi. Hayo ni ya kutoa matope ya miguu tu. Ya kuogea ni maji yasiyo na chumvi, mitungi miwili ya lita 20 kama bomba limelala. Maji ya Mombasa sehemu yake hutoka chemchemi za Mzima, Tsavo, yakisafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200, na kila nikimimina kopo la mwisho mgongoni kwa Tui naikumbuka safari hiyo, simwagi ovyo. Sabuni ni ya mbwa. Ngozi ya binadamu ina uchachu kuliko ya mbwa, na sabuni yetu humkausha, akaanza kujikuna. Jamii hii ngozi yao ni dhaifu kwa mzio tangu kuzaliwa, kwa hiyo wakati anapowashwa sana daktari humwandikia sabuni ya dawa, ambayo hukaa mwilini dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Dakika 10 za mbwa aliyelowa ni ndefu. Humwimbia.

Na kukausha ndiko kunakotutofautisha sisi na vitabu vyote vilivyoandikwa ughaibuni. Huko wanaogopa mbwa asipate baridi. Hapa adui ni unyevu. Sufi iliyobaki bichi chini ya makumbi, kwenye hewa kama yetu, huvunda. Kesho yake utasikia harufu ya unga uliochacha, na keshokutwa ngozi imekuwa nyekundu inatoa maji. Mimi hutumia leso kuukuu. Leso iliyofuliwa miaka mingi hunywa maji kuliko taulo, na haimkwaruzi. Hukandamiza, sisugui, maana kusugua hufunga mafundo upya. Kisha feni, na chanuo likipita huku manyoya yanakauka, hadi kidole changu kikiingia chini ya kwapa kikute pakavu kabisa. Simwachi ajikaushie juani.

Kucha, kila wiki tatu. Za Tui ni nyeusi, mshipa wa damu hauonekani, kwa hiyo hukata vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu na kusimama ninapoona kitone cheusi katikati. Ikitoka damu, wanga wa mahindi na kukandamiza. Masikio hutazama na kunusa kila wiki, sichokoi ndani. Meno ni brashi ya mtoto na dawa ya mbwa, kamwe si ya watu.

Lakini naandika haya yote kwa sababu ya Oktoba ya mwaka juzi.

Ilikuwa jioni ya kupunguza tumbo. Mashine nimeipima kifundoni, Tui amelala chali. Nilipopitisha mkono kwenye ngozi ile ya waridi nikaona vitone vyekundu, vidogo kama vya ncha ya sindano, vimetawanyika karibu na mapaja. Nilidhani nimemuunguza. Nikabonyeza kimoja kwa kidole: joto la mashine lingefifia, hiki hakikufifia. Nikainua mdomo wake. Ufizi umepauka, na mle pia mna vitone viwili. Alikuwa amekula mchana ule. Alikuwa ametikisa mkia. Chini ya manyoya, mtu asiye na habari asingejua lolote.

Daktari wa mifugo alimtoa damu asubuhi iliyofuata. Ilikuwa homa ya kupe, ile iletwayo na kijidudu cha Ehrlichia, na chembe za kugandisha damu zilikuwa zimeshuka sana. Nikakumbuka kwamba kama wiki mbili kabla nilikuwa nimemtoa kupe katikati ya vidole vya mguu wa kushoto, amevimba kama punje ya mbaazi. Ugonjwa huu huchukua kati ya siku 8 na 20 kujitokeza. Alipewa doxycycline siku 28, kila dozi pamoja na chakula, na daktari akanisisitizia nisikatishe hata akichangamka. Alichangamka siku ya tatu. Nilimaliza zote 28.

Tangu hapo kila jioni, hata siku isiyo ya kuchana, vidole vyangu hufanya mzunguko uleule: ndani ya masikio, kando ya macho, chini ya ukanda, kwapani, kila uwazi wa kidole, chini ya mkia. Kupe nikimpata humbana kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kumvuta wima, bila kumsokota. Mafuta ya taa na kiberiti tuliyorithi kwa wazee wetu si vya kutumia. Havimng'oi, na humuumiza mbwa. Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba, jike akitaga mayai kwa maelfu kwenye nyufa, na kuta zetu ni za matumbawe, nyufa hazikosi. Nilizikagua zote kwa tochi na kuziziba kwa saruji.

Nilitaka pia kuinyunyizia nyumba nzima dawa ya permethrin. Daktari akaniuliza swali moja: uani kuna paka? Mombasa ni nyumba gani isiyo na paka! Wetu ni watano, na wawili hulala kwenye ngazi. Dawa hiyo mbwa huistahimili, lakini humuua paka. Kwa hiyo Tui hupewa kidonge cha kupe cha kumeza, na paka wako salama kwenye ngazi yao.

Jumamosi iliyopita nilimaliza karibu na adhuhuri. Bi mkubwa alikuwa ameshatoka na beseni lake la nguo, akasimama mlangoni akingoja saruji ikauke. Tui alikuwa juu ya meza, mgongo mkavu, mgumu, kila nywele mahali pake, na mimi nachambua ndevu zake kwa chanuo la meno membamba. Msichana wa juu sasa ana miaka 9. Aliinama kwenye ukingo wa ngazi na sare yake ya madrasa, asikaribie zaidi ya hapo, sare isiguswe na umajimaji.

"Anti, leo ni nani?"

Nikamgeuza Tui amtazame.

"Tui," akasema. "Tui la kwanza."